Sarafu Si Hati ya Shamba

Mei 25, 1990, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikutana Geneva badala ya New York, kwa sababu mtu lililotaka kumsikiliza hakuwa na uhakika wa kupata viza ya Marekani. Mtu huyo alikuwa Yasser Arafat. Siku hiyo hakuja na hotuba tu, alikuja na sarafu. Ilikuwa ya agorot kumi za Israel, chenji ndogo ya kumalizia hesabu dukani. Aliwaonyesha wajumbe kinara cha taa kilichochorwa juu yake, kisha akawataka waache kinara na watazame lile umbo lenye kingo za kuchongoka lililo nyuma yake. Hiyo, alisema, ni ramani. Ndiyo Israel kubwa inayotakiwa, yenye kuimeza Jordan na Lebanon pamoja na vipande vya Syria, Iraq, Saudi Arabia na Sinai.

Hadithi hiyo ilitembea kuliko sarafu yenyewe. Nimewahi kuisikia barazani, kahawa ikipita, ikisimuliwa na mtu ambaye hajawahi kushika agora hata moja lakini aliifahamu ramani ile mto kwa mto.

Jibu la Benki Kuu ya Israel lilikuwa la kuchosha kidogo, kama majibu ya kweli yanavyokuwa mara nyingi. Umbo lile ni kingo za sarafu ya kale ya shaba iliyolika. Aliyeipiga ni Mattathias Antigonus, mfalme wa mwisho wa nasaba ya Wahasmonea, aliyetawala Yerusalemu kuanzia mwaka 40 hadi 37 KK. Msanii aliyechora sarafu ya kisasa hakunakili kinara peke yake. Alinakili kipande chote cha shaba kilivyo, na mapengo yake. Ukiziweka sarafu hizo mbili pamoja, kesi imekwisha.

Basi kicheko kilikuwa cha upande mmoja kwa miaka 27. Mwaka 2017 zamu ikabadilika. Karibu na Halamish, makazi ya walowezi wa Kiyahudi katika Ukingo wa Magharibi, mtoto mmoja aliokota sarafu iliyoandikwa kwa herufi za kale za Kiebrania. Nusu shekeli, ikasemwa, ya miaka elfu mbili, ya enzi za Hekalu. Waziri Mkuu Benjamin Netanyahu akaiweka picha yake kwenye ukurasa wake wa Facebook kama ushahidi wa jinsi taifa lake lilivyofungamana na ardhi ile. Haukupita muda, mtaalamu wa sarafu wa Makumbusho ya Israel akaitazama picha na kuitambua mara moja. Haikuwa ya kale. Ilikuwa nakala, kumbukumbu ambayo makumbusho hayohayo yalikuwa yakiwagawia watoto waliokuja kutembea. Picha ikaondolewa.

Nimezianza habari hizi mbili pamoja kwa makusudi, ila si kwa sababu ya mizani ya kinafiki inayosema wote sawa, wote wamekosea, twendeni nyumbani. Makosa yenyewe hayafanani: mmoja aliona ramani pasipo na ramani, mwingine aliona kale pasipo na kale. Kilichowafananisha ni imani kwamba kipande cha chuma cha ukubwa wa kifungo cha shati kinaweza kusimama mahakamani na kusema nchi ni ya nani. Imani hiyo haikufa Geneva wala Halamish. Kila vita vikizuka, simu zetu hujaa picha za sarafu. Upande huu unaonyesha shekeli ya Yerusalemu. Upande ule unaonyesha sarafu yenye tundu iliyoandikwa PALESTINE. Kila mmoja anadhani amemnyamazisha mwenzake.

Ukweli ni kwamba zote mbili ni halali, na zote mbili zinasema kidogo kuliko wanavyotaka wanaozionyesha. Kwa hiyo tuzisome.

Msomaji aliyelelewa kanisani anakikumbuka kisa cha kodi ya Kaisari: Yesu hakujibu swali mpaka alipoonyeshwa sarafu na kuuliza picha iliyo juu yake ni ya nani. Ndilo swali la kwanza la elimu ya sarafu mpaka leo, na jibu lake siku zote ni la mamlaka. Sarafu hukwambia nani alikuwa na tanuru, nyundo na askari wa kuilinda hazina. Anayeipokea kwa kuuza mafuta au ngano hatajwi humo, wala lugha yake ya nyumbani, wala jina la bibi yake.

Sarafu za mwanzo kabisa za Kiyahudi ni za fedha na ni ndogo ajabu, nyingine hazifikii upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Zilipigwa karne ya 4 KK, Uajemi ilipokuwa ikitawala. Juu yake kuna herufi tatu zinazosomeka Yehud, jina la jimbo dogo lililouzunguka mji wa Yerusalemu. Jina la Wayahudi limetoka hapohapo. Lakini tazama picha zake: nyingine zina bundi, na bundi huyo ni wa Athens, nembo ya mungu wa kike wa Wagiriki. Fedha ya Athens ilikuwa dola ya zama zile, na mwenye kutaka fedha yake ikubalike sokoni aliiga. Makumbusho ya Uingereza yanayo sarafu moja ya aina hiyo, isiyo na mwenzake anayejulikana duniani, yenye mungu mwenye ndevu aliyeketi juu ya gurudumu lenye mbawa. Wataalamu wamebishana kwa vizazi kama huyo ni Mungu wa Israel aliyechorwa sura, jambo ambalo Torati inalikataza, au ni wa kwao wengine.

Wakati huohuo, mwendo wa siku chache kwa punda kuelekea pwani, Gaza, Ashkelon na Ashdod zilikuwa zikipiga fedha zao, nazo zenye bundi yuleyule. Wataalamu wa karne iliyopita walizipachika sarafu za pwani jina la ajabu, "za Kifilisti na Kiarabu", kwa kuwa hawakujua waziweke kapu gani. Kwa hiyo ushahidi wa kwanza wa chuma tulio nao unasema hivi: Yerusalemu ilikuwa na fedha yake, Gaza ilikuwa na yake, na zote mbili zilikuwa zikiiga za mtu mwingine.

Karne mbili baadaye walikuja Wahasmonea, watawala wa Kiyahudi waliojitoa mikononi mwa wafalme wa Kigiriki wa Syria. Hapa sarafu zinaanza kusema kwa sauti. Moja inamtaja Yehohanan, kuhani mkuu, pamoja na baraza la Wayahudi. Mwingine, Alexander Jannaeus, alipiga visarafu vya shaba kwa wingi kiasi kwamba hadi leo vinauzwa Yerusalemu kwa mahujaji Wakristo kwa jina la "senti ya mjane". Jannaeus ni mfano mzuri wa namna utambulisho unavyokuwa na vyumba vingi. Mfalme wa Wayahudi mwenye jina la Kigiriki, anayeandika upande mmoja Kiebrania na upande mwingine Kigiriki, huku akitumia nanga, nembo aliyoirithi kwa walewale maadui waliofukuzwa na babu zake.

Na herufi zake za Kiebrania si zile zilizokuwa zikitumika mitaani. Watu wa wakati wake waliandika kwa herufi za mraba zilizotoka kwa Waaramu, ndizo zinazotumika Israel hata sasa. Sarafu zikaandikwa kwa mwandiko uliokwisha kupitwa, wa enzi za wafalme wa zamani. Kwa nini? Kwa sababu mwandiko wa kale ulikuwa dai: sisi si wapya hapa. Yaani miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita, katika nchi ileile, tayari kulikuwa na mtu aliyekuwa akitumia ukale kujipatia uhalali. Netanyahu hakubuni kitu.

Vita vya mwaka 66 BK dhidi ya Roma vilizaa fedha nzuri kuliko zote. Kabla ya hapo, kodi ya Hekalu, nusu shekeli kwa kila mwanamume kwa mwaka, ilikuwa ikilipwa kwa fedha ya Tiro, na fedha ya Tiro ilikuwa na kichwa cha Melqart, mungu wa Wafoinike. Makuhani waliipokea kwa sababu ilikuwa fedha safi. Dini na thamani ya madini zilielewana pale. Waasi waliposhika mji walipiga zao wenyewe zenye kikombe, makomamanga matatu kwenye kitawi kimoja, na maneno "Shekeli ya Israel" na "Yerusalemu Takatifu". Zilihesabu miaka ya uhuru. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Za mwaka wa tano ni adimu, kwa sababu mwaka wa tano haukufika mbali.

Hekalu lilichomwa mwaka 70, na Roma ikajibu kwa sarafu. Vespasian na mwanawe Titus walizisambaza himaya nzima, za dhahabu, fedha na shaba: mwanamke amejiinamia chini ya mtende akilia, na maneno yasemayo Uyahudi imetekwa. Mtende ulikuwa alama ya nchi hiyo. Kwa takriban robo karne mtu angeweza kununua mkate mjini Roma kwa picha ya msiba wa wengine.

Waliosalia hawakusahau. Mwaka 132 wakainuka tena, safari hii wakiongozwa na Simon bar Kokhba. Yeye hakuwa na machimbo ya fedha, basi akafanya jambo ambalo kila anayezikusanya sarafu hizi hulionyesha kwanza: alichukua fedha za Roma zilizokuwa mikononi mwa watu, akazisugua au kuzigonga upya, na juu yake akapiga Hekalu ambalo lilikuwa limekwisha kuanguka miaka 60 na zaidi, pamoja na jina lake mwenyewe na maneno ya ukombozi wa Israel. Kazi ya haraka haikosi dosari. Kwenye nyingine, ukiishika sarafu kwenye mwanga wa upande, pua ya mfalme wa Roma au herufi za jina lake bado zinachungulia chini ya Hekalu.

Uasi ulizimwa mwaka 135. Kaisari Hadrian akaujenga Yerusalemu kuwa mji wa Kirumi ulioitwa Aelia Capitolina, kwa jina la ukoo wake. Sarafu ya mji huo inaonyesha mtu akilima kwa jozi ya ng'ombe, akichora mpaka wa mji mpya kwa jembe kama desturi ya Warumi ilivyotaka. Jimbo nalo likabadilishwa jina, kutoka Judaea kuwa Syria Palaestina.

Hapa ndipo mabishano ya leo hupamba moto. Utasikia kwamba Palestina ni jina la kubambikwa, lililobuniwa na Hadrian ili kuwakomoa Wayahudi. Nusu ni kweli. Nia ya kuwafuta Wayahudi katika ramani haina shaka kubwa. Lakini jina hakulibuni. Herodotus Mgiriki alikuwa amekwisha kuliandika katika karne ya 5 KK, miaka 500 hivi kabla ya Hadrian kuzaliwa. Na likaingia kwenye chuma: mji wa Neapolis, huu unaoitwa leo Nablus, ulipiga katika karne ya 2 sarafu zenye mlima Gerizimu na hekalu juu yake, na jina la mji likifuatwa na maneno Syria Palaestina kwa Kigiriki. Waliozitumia hawakuwa wakishiriki njama yoyote. Ndilo lilikuwa jina la nchi.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna tatizo letu wenyewe hapa. Biblia yetu ina Wafilisti, magazeti yetu yana Wapalestina, na misikiti ya pwani inasema Falastini. Nimewasikia wahubiri wakiruka kutoka neno la kwanza hadi la pili bila kupumua, na kuwageuza watu wa Gaza wa leo kuwa wajukuu wa Goliathi. Jina kweli limetoka kwa Wafilisti. Watu je? Wafilisti walikuwa wageni kutoka upande wa bahari ya Ugiriki, wakachanganyika na wenyeji, na baada ya Nebukadreza kuivunja miji yao mwishoni mwa karne ya 7 KK hawasikiki tena kama taifa. Kumwita Mpalestina wa leo Mfilisti ni sawa na kumwita kila mkazi wa Marekani ndugu yake Amerigo Vespucci. Na mhubiri anayefanya hivyo, na mwanasiasa wa Kipalestina anayejivunia hivyohivyo ili aonekane wa kale kuliko Daudi, wamekosea kwa pamoja.

Tuendelee, kwa kuwa sarafu ninayoipenda kuliko zote haijafika bado.

Mnamo mwaka 638 hivi Waislamu waliichukua Yerusalemu. Mwanzoni hawakuwa na fedha yao, wakaendelea na ya Warumi wa Konstantinopoli, na walipoanza kupiga waliiga kama Yehud ilivyoiiga Athens. Zipo sarafu za shaba za miaka ya 690, za khalifa Abd al-Malik, zenye khalifa aliyesimama na upanga wake, na juu yake yameandikwa kwa Kiarabu maneno mawili: Iliya, Filastin. Lizingatie jina hilo la kwanza. Iliya ni Aelia. Hadrian mpagani, aliyekufa miaka zaidi ya 550 nyuma, ndiye aliyeyaacha majina yote mawili, la mji na la nchi, nayo yakaingia kwenye Kiarabu kama vile meza na shule zilivyoingia kwenye Kiswahili, bila mtu kuuliza zimetoka wapi.

Kisha, baada ya Abd al-Malik kuziondoa picha za watu kwenye fedha mwaka 77 Hijria, zikapigwa nyingine za shaba. Upande mmoja na mwingine zimebeba shahada: hapana mungu ila Allah peke yake, Muhammad ni Mtume wa Allah. Na katikati ya maneno hayo kuna kinara cha taa. Za mwanzo kina matawi saba, kama kile cha Hekalu, kama kile cha Mattathias Antigonus, kama kile cha agorot kumi alizoziinua Arafat. Baadaye matawi yakapunguzwa kuwa matano.

Kwa nini khalifa alipiga kinara? Wapo wanaosema Waislamu wa mwanzo, waliokuwa wamejenga Kuba ya Mwamba mahali palipokuwa Hekalu, walijiona warithi wa Sulaiman bin Daud, na alama yake waliiona ni yao. Maelezo hayo yananiingia akilini. Vyovyote iwavyo, sarafu hiyo haionyeshwi sana kwenye simu zetu. Haimfai mbishani yeyote. Anayetaka kusema kwamba Waislamu wameufuta Uyahudi anakutana na kinara kwenye fedha ya khalifa. Anayetaka kusema hapakuwahi kuwa na Hekalu anakutana na babu zake wakilikumbuka.

Jina Filastin halikuishia hapo. Mji wa Ramla ukawa makao makuu ya mkoa, na katika karne ya 9, 10 na 11 dinari za dhahabu zilitoka zikiwa zimeandikwa wazi kwamba zimepigwa Filastin, chini ya Watuluni, kisha Waikhshidi, kisha Wafatimi. Ni ushahidi mzuri dhidi ya wanaodai kwamba jina hilo lilizinduliwa na Waingereza. Ila usiuvute kupita kiasi: Watuluni na Waikhshidi walikuwa watawala wenye asili ya Kituruki waliokaa Misri, na Filastin yao ilikuwa mkoa, sehemu tu ya nchi tunayoiita hivyo sasa. Yule fundi aliyeigonga dinari, na mkulima wa mizeituni aliyelipwa nayo, ndio ambao tungependa kuwauliza walijiita nani. Hawakuachiwa nafasi ya kuandika.

Karne nne za Waosmani nazipita haraka, kwa kuwa fedha ilitoka Istanbul na jina la nchi halikuonekana juu yake.

Mwaka 1927, chini ya Waingereza, likarudi. Bodi ya Sarafu ya Palestina, iliyoundwa London mwaka uliotangulia, ilitoa paundi ya Palestina iliyogawanywa katika mils 1,000. Sarafu zilikuwa saba, kuanzia mil moja hadi mils 100, na za mils 5, 10 na 20 zilikuwa na tundu katikati. Wazee wetu wangezitambua. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa London, tangu 1919, na senti zetu za tundu, ya moja, ya tano na ya kumi, zilitoka katika kiwanda kilekile cha kifalme cha Uingereza. Tofauti moja inanichekesha. Palestina na Tanganyika zote zilikuwa nchi za udhamini, si makoloni kwa jina, lakini sarafu ya Palestina haikuwekewa kichwa cha mfalme. Yetu iliwekewa.

Sheria ya udhamini, kifungu cha 22, ilitaka kila andiko la Kiarabu kwenye fedha na stempu lirudiwe kwa Kiebrania, na la Kiebrania kwa Kiarabu. Kwa hiyo sarafu ina PALESTINE kwa Kiingereza, Filastin kwa Kiarabu, na kwa Kiebrania Palestina, ikifuatwa na herufi mbili ndani ya mabano: alefu na yodi. Ni kifupi cha Eretz Israel, Nchi ya Israel. Herufi mbili hizo zilichukiza pande zote. Waarabu waliona madai ya Wazayuni yameingizwa kwa mlango wa uani. Zilipotokea kwenye stempu walifika nazo mahakamani na hawakufanikiwa. Wayahudi wengi waliona ni dhihaka, nchi yao kufungiwa kwenye mabano kama maelezo ya pembeni. Leo Mpalestina anayevaa sarafu hiyo shingoni kama kidani anaonyesha neno la Kiarabu, na Mwisraeli anayemjibu anaikuza picha mpaka mabano yaonekane.

Je, sarafu hiyo inathibitisha kwamba palikuwa na taifa la Wapalestina? Inathibitisha kwamba palikuwa na nchi iliyoitwa Palestina, yenye fedha, stempu na pasipoti, na kwamba wakazi wake, Waarabu na Wayahudi, waliitwa Wapalestina katika karatasi za serikali. Golda Meir, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Israel na mwaka 1969 akasema kwamba hapakuwahi kuwa na kitu kinachoitwa Wapalestina, mwenyewe aliishi chini ya pasipoti hiyo. Taifa, hata hivyo, ni jambo jingine, na hapa mfano wetu wa nyumbani unafaa kuliko vitabu.

Tanganyika haikuwahi kuwa na sarafu yake hata moja. Wajerumani walipiga za Afrika Mashariki ya Kijerumani, Waingereza wakapiga za East Africa, na shilingi yetu wenyewe ilipokuja mwaka 1966 nchi ilikuwa tayari Tanzania. Atakayechimba ardhi yetu miaka elfu mbili ijayo kwa kutafuta jina la Tanganyika kwenye chuma ataondoka mikono mitupu. Aseme kwamba Watanganyika hawakuwepo? Aseme Nyerere alidai uhuru kwa niaba ya watu wa kufikirika? Na neno EAST AFRICA, lililoandikwa kwenye mamilioni ya senti kwa miaka 40 na zaidi, lilitufanya taifa moja na Wakenya na Waganda? Sarafu za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Sijasikia mtu wa Kilwa Kisiwani akiomba arudishiwe Australia.

Dola ya Israel ilipotangazwa Mei 1948, sarafu yake ya kwanza ilikuwa ya mils 25. Ndiyo, mils, kipimo cha Palestina, kikiwa na jina la Israel kwa Kiebrania na Kiarabu na kichala cha zabibu kilichotolewa kwenye sarafu ya Bar Kokhba. (Za Palestina za mwaka 1947 ziliyeyushwa karibu zote kabla ya kuonja soko.) Upande wa pili wa mstari wa kusitisha vita, paundi ya Palestina iliendelea hadi dinari ya Jordan ilipochukua nafasi yake mwaka 1950 katika Ukingo wa Magharibi, na Gaza hadi 1951 ilipokuja paundi ya Misri.

Tangu hapo Israel imekuwa nchi inayotembea na makumbusho mfukoni. Shekeli moja ina yungiyungi na neno Yehud katika mwandiko wa kale ambao Waisraeli wengi hawawezi kuusoma. Shekeli mbili zina pembe mbili za neema na komamanga kutoka kwa Wahasmonea. Shekeli kumi zina mtende wenye vikapu vya tende na maneno ya ukombozi wa Sayuni, kutoka vita vya mwaka 66. Mwaka 1958 ilitolewa hata medali yenye mwanamke wa Vespasian akilia upande mmoja, na upande wa pili Israel iliyokombolewa, kama vile barua ya Roma ilikuwa ikisubiri majibu kwa miaka 1,888. Nusu shekeli ina kinubi kilichonakiliwa kwenye muhuri wa kale wa binti mfalme. Muhuri huo, wataalamu kadhaa wanauona ni wa kughushi. Sarafu haijabadilishwa.

Sidhani kuna aliyesoma hadi hapa akabaki na shaka kwamba Wayahudi walikuwepo huko, walitawala, walipoteza na hawakusahau. Wanaolikana hilo, na wapo, hata kwenye majukwaa makubwa, wanapigana na ushahidi unaojaza makabati ya makumbusho. Sidhani pia kuna anayeweza kusema kwa uaminifu kwamba Palestina ni jina la juzi, au kwamba familia zilizolima milima ya Nablus na Hebron kizazi hadi kizazi, zikibadili lugha na dini kadiri watawala walivyopita, zinahitaji dinari ya Ramla ili zihesabiwe kuwa ni za pale. Kosa linaanza pale mtu anapoichukua sarafu ya karne ya 1, ya 7 au ya 20 na kumwonyesha nayo mlango jirani aliye hai.

Wapalestina hawana sarafu leo. Makubaliano ya Paris ya Aprili 1994 yaliwapa Mamlaka ya Fedha, lakini fedha yenyewe ikabaki shekeli ya Israel, pamoja na dinari ya Jordan na dola. Kwa hiyo muuza mboga wa Ramallah anapokea Yehud na kurudisha kinara cha Antigonus, kila siku, bila kuwaza lolote kuhusu Wahasmonea. Gaza, baada ya vita vya Oktoba 2023 kuanza, noti mpya ziliacha kuingia. Noti zilizokuwepo zilichakaa hadi wakatokea mafundi wa kuziunga kwa gundi na kuziosha, na wenye fedha taslimu wakawa wanawakata wahitaji sehemu kubwa ya fedha yao. Sarafu ya shekeli kumi, ile yenye mtende na ukombozi wa Sayuni, wafanyabiashara wengi wa Gaza walianza kuikataa. Sababu waliyoitoa haikuwa ya historia: imeota kutu.